Usiku wa Belgrade kwa mgeni: meza kwanza, muziki baadaye

Wageni wengi wanaokwenda Belgrade kwa ajili ya starehe huanza kwa kutafuta jina la klabu. Wanafika saa tatu usiku, wanakuta ukumbi mtupu, wanaondoka wakisema mji umezidishiwa sifa. Mji haujazidishiwa sifa. Mji mkuu huu wa Serbia unastahili kila neno jema linalosemwa juu ya usiku wake, ila usiku huo una utaratibu, na utaratibu wenyewe umejengwa juu ya meza. Ukiwa na meza una mahali pa kukaa, mhudumu anakujua, wanamuziki wanakuja ulipo, na mlinzi wa mlangoni anakufungulia. Usipokuwa nayo utasimama karibu na mlango wa choo ukilinda koti lako.

Nimeupanga mwongozo huu kwa kufuata usiku mmoja, tangu maandalizi hadi kurudi kulala.

Hatua ya 1: Karatasi na pesa

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda au Kongo ni lazima apate viza ya Serbia. Warundi waliwahi kuingia bila viza, lakini ruhusa hiyo ilifutwa Oktoba 2022. Nafuu ipo kwa mwenye viza halali au kibali cha kuishi cha nchi za Schengen (zile za Ulaya zinazotumia viza moja), Uingereza au Marekani: huyo huweza kuingia Serbia na kukaa hadi siku 90 katika kila siku 180, mradi karatasi zake zisiishe muda akiwa ndani. Wengi wetu tunaoishi Ulaya huingia kwa njia hii. Hapo kuna mtego mmoja. Serbia haimo ndani ya Schengen, kwa hiyo ukitoka Vienna au Budapest kwenda Belgrade na viza ya kuingia mara moja tu, umeshaitumia, huwezi kurudi ulikotoka. Hakikisha viza yako ni ya kuingia mara nyingi, na uulize ubalozi wa Serbia kabla ya kukata tiketi, kwa sababu sheria hizi hubadilika.

Ukishafika, mgeni hutakiwa kuandikishwa polisi ndani ya saa 24. Hoteli hukufanyia bila wewe kujua. Ukilala kwa rafiki au katika nyumba ya kupanga ya siku chache, muulize mwenye nyumba moja kwa moja kama amekuandikisha.

Fedha ni dinari, na kwa miaka mingi yuro moja imekuwa ikibadilishwa kwa dinari 117 hivi. Maduka ya kubadilisha fedha yameandikwa "menjačnica" na yako kila kona ya katikati ya mji. Kadi hupokewa karibu kila mahali, lakini weka noti mkononi: za 200, 500 na 1,000. Bila noti hizo huwezi kumtuza mwanamuziki, na usiku wa kafana, yaani mgahawa wa kienyeji wenye muziki, bila kutuza hauna ladha.

Hatua ya 2: Chagua msimu na siku

Usiku wa Belgrade una makazi mawili. Kuanzia Mei hadi mwishoni mwa Septemba watu huhamia mtoni, kwenye splav, yaani kumbi zinazoelea juu ya mito Sava na Danube. Baridi ikianza wanarudi katikati ya mji, kwenye klabu za ndani na kafana. Ukienda Januari ukitarajia kucheza juu ya maji utakutana na upepo wa košava, ambao hupenya koti la aina yoyote ile, na splav nyingi zikiwa zimefungwa.

Ijumaa na Jumamosi ndizo siku zenye watu wengi na bei za juu. Kwa mgeni wa mara ya kwanza mimi napendelea Alhamisi: kafana zina muziki, meza hupatikana, na wanamuziki wana muda wa kusikiliza unachotaka.

Angalia pia ratiba ya mpira. Crvena zvezda na Partizan wakikutana, usivae nguo nyekundu na nyeupe wala nyeusi na nyeupe, na usipite karibu na viwanja vyao jioni hiyo. Uhasama wa mashabiki wao ni wa kweli na si jambo la kutazama kama burudani. Vilevile ukikuta maandamano makubwa, badili njia. Barabara za katikati hufungwa na teksi hazipiti.

Hatua ya 3: Weka meza

Fanya hivi siku mbili au tatu kabla, au asubuhi ya siku yenyewe kama si wikendi. Kafana hupokea simu, klabu na splav hupokea ujumbe wa Instagram. Vijana wengi wa Belgrade wanazungumza Kiingereza vizuri. Ukitaka kuwafurahisha zaidi, andika: "Dobro veče, imate li slobodan sto za dvoje večeras?", yaani unaulizia meza ya watu wawili usiku huu. Kwa wanne sema "za četvoro".

Saa zao huandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 20h ni saa mbili usiku na 23h ni saa tano usiku. Usikosee hapa, maana meza haikusubiri sana.

Kwenye splav na klabu utaulizwa unataka meza ya aina gani. "Šank" ni kaunta. "Barski sto" ni meza ya juu ya kusimama, inayotosha watu wanne au watano, na ndiyo ninayoshauri. "Separe" ni makochi, nayo huambatana na sharti la kununua chupa. Uliza sharti hilo kabla hujakubali, ni kiasi gani kwa meza nzima, na ujibiwe kwa maandishi. Kuingia mara nyingi ni bure. Pesa hutoka mezani.

Kundi la wanaume pekee hupata shida kupewa meza. Si haki, lakini ndivyo ilivyo. Kama mko wanaume watano, tafuteni kafana au baa, au mjigawe katika meza mbili.

Hatua ya 4: Jioni, kabla ya chochote

Anzia ngome ya Kalemegdan saa moja hivi kabla ya jua kuzama. Haina kiingilio. Nenda mpaka kwenye sanamu ya Pobednik, mtu wa shaba aliyechongwa na Ivan Meštrović na kusimamishwa hapo mwaka 1928. Chini yake Sava inaingia Danube, na watu wa mji, wazee kwa vijana, hukaa juu ya kuta za mawe wakitazama jua likishukia upande wa pili. Njiani wauzaji wana bisi na mahindi. Nunua, kaa nao, ila angalia miguu yako: kuta zile ni za juu na hazina vizuizi.

Kutoka hapo shuka mtaa wa Knez Mihailova, ambao magari hayaruhusiwi. Saa hizi familia nzima hutoka kutembea taratibu, wakisimama kusalimiana. Mtu asiyependa kelele wala pombe anaweza kuumalizia usiku wake hapa na asijutie. Au aingie Narodno pozorište, jumba la taifa la maigizo lililoko Trg Republike (Uwanja wa Jamhuri), lenye opera na baleti katika jengo la mwaka 1869. Tiketi ni nafuu kabisa ukilinganisha na miji ya magharibi mwa Ulaya. Ukumbi wa Kolarac, uliofunguliwa 1932, ni wa muziki wa okestra. Kwa miaka mingi mwezi Septemba kumekuwa na BITEF, tamasha la maigizo lililoanza 1967.

Hatua ya 5: Kafana

Hapa ndipo nataka utumie muda wako mwingi. Klabu zipo kila nchi. Kafana ni ya watu hawa.

Kafana ni nyumba ya chakula, kinywaji, mazungumzo na muziki kwa pamoja, na hakuna anayekuharakisha uondoke. Kwa usiku wa kwanza nenda Skadarlija, mtaa mfupi wa mawe unaoteremka karibu na Trg Republike. Waandishi na waigizaji walihamia huko mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya kafana yao ya Dardaneli kubomolewa. Tri šešira ipo tangu 1864, na Dva jelena ni kongwe pia. Bei za Skadarlija ni za watalii na muziki wake umezoea watalii. Hata hivyo ni mahali pazuri pa kujifunza utaratibu. Usivae viatu vya visigino virefu, yale mawe ya mtaani ni ya mviringo na yana mapengo.

Usiku wa pili usirudi hapo. Muulize mpokezi wa hoteli yako yeye hula wapi siku ya kuzaliwa kwa mama yake. Atakupeleka mitaa ya Zemun, Dorćol au Vračar, kwenye kafana yenye vitambaa vya mezani vya mirabaraba na watu wanaojuana. Kama unapenda historia, pita Znak pitanja, iliyoko mbele ya kanisa kuu katika nyumba ya miaka ya 1820. Ubao wake una alama ya kuuliza tu, kwa sababu kanisa lilikataa kafana ijiite kwa jina la kanisa, na mwenyewe mwaka 1892 akaweka alama hiyo kwa muda. Haijaondolewa hadi leo. Ndani mna vigoda vifupi vya mbao, utakaa magoti yakiwa juu.

Agiza taratibu. Kwanza vitafunio: kajmak, ambayo ni malai nzito ya maziwa yenye chumvi, ajvar, rojo ya pilipili hoho nyekundu zilizochomwa, jibini na mkate wa moto. Kisha nyama za kuchoma: ćevapi, ambavyo ni vidole vya nyama ya kusaga, au pljeskavica, nyama hiyo hiyo ya kusaga iliyobapwa. Kwa asiyekula nguruwe, tahadhari: pršut, nyama iliyokaushwa, kwa kawaida ni ya nguruwe, na ćevapi mara nyingi huchanganywa. Sema "bez svinjetine, molim" na urudie mpaka mhudumu akubali kwa kichwa. Anayetaka chakula cha halali aulize pale msikiti wa Bajrakli, Dorćol, uliojengwa karne ya 16. Ndio msikiti wa Waothmani uliobaki mjini.

Rakija, pombe kali ya matunda, huletwa katika kichupa kidogo chenye shingo nyembamba. Hunywewa kwa kuonja kidogo kidogo. Ukiibugia kwa mkupuo utawashangaza wenzako, na saa moja baadaye utajishangaza mwenyewe. Ile ya plamu, šljivovica, ndiyo fahari yao, na mwaka 2022 UNESCO iliingiza utengenezaji na desturi zake katika orodha ya urithi wa binadamu. Wakati wa kugonganisha glasi mtazame mwenzako machoni na useme "Živeli!". Asiyekunywa pombe agize limunada au "kisela voda", maji yenye gesi, na agonganishe glasi hiyo hiyo. Sijaona meza iliyomkasirikia mtu kwa hilo.

Wanamuziki huanza kuzunguka saa tatu au saa nne usiku: fidla, gitaa, kodiani, besi kubwa. Wanaanza na nyimbo za zamani za mjini, za mapenzi na majuto, zinazoimbwa polepole. Wanafika kwenye meza moja, wanaizunguka, mwimbaji anainama karibu na sikio la mgeni. Wimbo ukimgusa mtu huchomoa noti na kuichomeka kwenye mikunjo ya kodiani, au humpa kiongozi mkononi. Aliyewahi kutuza jukwaani kwenye taarabu Unguja au Mombasa hatahitaji kufundishwa: mkono unanyooka wakati wimbo umefika mahali pake, bila haraka na bila kujificha. Noti ya 500 au 1,000 kwa wimbo si aibu. Sarafu usitoe kamwe.

Ukiwataka, omba wimbo mmoja. Wakibaki mezani kwako kwa nyimbo tano, wanategemea kulipwa za tano, na deni hilo ni halali. Usipowataka, tabasamu, weka mkono kifuani, sema "Hvala, ne sad". Wataondoka bila kinyongo. Kadiri usiku unavyokwenda, mwendo wa muziki hupanda, watu husimama, mikono hushikana na duara la kolo, ngoma yao ya asili, huzunguka kati ya meza. Ukivutwa, ingia. Hatua za msingi ni chache, na hakuna anayetazama miguu yako.

Mswahili mweusi atatazamwa, aanze kuzoea. Weusi si wengi Belgrade, na macho mengi ni ya udadisi. Wazee mara nyingi watauliza unatoka wapi, kisha watakutajia Tito, aliyekuwa rais wa Yugoslavia, nchi ya zamani ambayo Serbia ilikuwa sehemu yake, maana mkutano wa kwanza wa nchi zisizofungamana na upande wowote ulifanyika mjini humo mwaka 1961, na wanafunzi wengi wa Kiafrika walisoma Yugoslavia. Hata leo serikali hutoa ufadhili wa masomo kwa nchi hizo. Mchana wa kesho yake unaweza kwenda Makumbusho ya Sanaa ya Afrika, yaliyofunguliwa 1977. Utakuwa na la kusimulia mezani jioni. Juu ya Kosovo, eneo lililojitangazia uhuru kutoka Serbia, na mabomu ya NATO ya mwaka 1999, sikiliza zaidi ya kusema. Karibu kila familia ina kumbukumbu yake.

Bili huombwa: "Račun, molim". Bakshishi ya asilimia 10 inatosha, nayo ni tofauti na ya wanamuziki.

Hatua ya 6: Baada ya saa sita usiku

Sasa ndipo klabu zinaanza kujaa, na nyingi hufunga saa kumi au saa kumi na moja alfajiri. Kama umeweka meza kwenye splav, uwe umefika kabla ya saa sita na nusu, la sivyo meza hupewa mwingine.

Splav si aina moja. Kuna za turbo-folk, yaani nyimbo za kienyeji zilizochanganywa na midundo ya dansi, ambako mwimbaji huimba moja kwa moja na ukumbi mzima unaimba naye kila neno. Hapo watu huvaa kama wanaokwenda harusini. Kuna za muziki wa kibiashara wa kimataifa. Na kuna ndogo, za hausi na tekno, ambako raba na fulana zinatosha. Uliza muziki kabla ya kuuliza bei. Mamlaka ya jiji imekuwa ikiziondoa au kuzihamisha splav sehemu kadhaa za mito, kwa hiyo orodha ya miaka miwili iliyopita usiiamini. Angalia kama ukurasa wa ukumbi una picha za wiki hii.

Asiyetaka mto aende Cetinjska 15, ua wa kiwanda cha zamani cha bia, chini kidogo ya Skadarlija. Baa kama Zaokret na Polet zimepangana humo na watu hutembea na glasi kutoka moja hadi nyingine. Ni mahali pekee katika mwongozo huu ambapo huhitaji meza. Savamala, ukingoni mwa Sava, ilikuwa na uhai mkubwa zaidi zamani. KC Grad, kituo cha utamaduni, ilifunguliwa huko mwaka 2009, lakini sehemu kubwa ya mtaa imemezwa na mradi wa majengo ya kifahari ya mtoni. Aprili 2016 watu waliofunika nyuso walibomoa nyumba za mtaa wa Hercegovačka usiku, na wakazi waliandamana kwa miezi. Ukipita hapo ujue unapita kwenye kidonda.

Moshi ni tatizo la kweli. Uvutaji sigara ndani ya baa na klabu bado unaruhusiwa na watu huvuta sana. Mwenye pumu achague majira ya joto na meza za nje, na dawa yake iwe mfukoni.

Hatua ya 7: Mlangoni na mfukoni

Beba pasipoti au kitambulisho kinachokubalika. Mlinzi akikukatalia, mpeleke kwenye jina la meza uliyoweka, onyesha ujumbe. Akikataa tena, ondoka; mji una milango mingi na usiku wako una thamani kuliko ubishi ule. Mtu wa mtaani akikualika kwenye klabu ya wacheza uchi, kataa: bili za huko huweza kukua ajabu, na wanaume wenye misuli ndio huzileta. Madawa ya kulevya usiguse hata ya kuonja, sheria ya Serbia ni kali kwa kiasi kidogo pia. Kinywaji chako usikiache. Na kama umekodi gari, liache hotelini, kwani kiwango kinachoruhusiwa kwa dereva ni gramu 0.2 tu kwa lita ya damu.

Polisi ni 192, gari la wagonjwa 194.

Hatua ya 8: Kurudi

Teksi halali ina namba ya gari inayoishia na herufi TX, na taa juu yenye nembo ya jiji na namba nne. Agiza kwa programu ya simu au mwombe mhudumu akupigie. Teksi zilizoegeshwa mbele ya klabu zikimsubiri mgeni aliyechoka ndizo za kuepuka. Tangu Januari 2025 usafiri wa umma wa jiji ni bure, yakiwemo mabasi ya usiku. Basi dogo la A1 la kwenda uwanja wa ndege hulipiwa.

Kabla ya kulala pita kwenye duka la mikate, "pekara". Mengine hayafungi usiku kucha. Omba burek, mkate wa tabaka nyembamba uliojazwa, ya jibini ("sa sirom") au ya nyama ("sa mesom"), pamoja na glasi ya mtindi wa kunywa. Inatoka tanurini kuelekea saa kumi na moja alfajiri, na foleni yake ina waliotoka kucheza pamoja na madereva wanaoanza zamu. Kula ukiwa umesimama, mafuta yanachuruzika, karatasi mbili hazitoshi.